Shamba la Mtoni: Nzioka Ashika Kalamu

Maneno manne tu yalitosha. Mliokuwa nasi wiki jana mlimwona Nzioka amebandika sikio kwenye dirisha la baba yake pale Kilungu, jua la asubuhi likimchoma kisogo, naye akamsikia mzee akisema: "Kilonzo, lete hiyo karatasi."

Hakungoja la tano. Aliupiga mlango teke, na komeo likang'oka pamoja na misumari yake.

Alitarajia kukuta njama. Alichokikuta kilimuuma zaidi ya njama. Kilonzo alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa mzee umelala mapajani mwake, akimkata kucha kwa wembe taratibu kama mtu anayemenya yai. Mzee Ndeti alikuwa amefumba macho kwa raha.

Nzioka alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Hakuna siku baba yake aliwahi kumpa mguu aushike.

"Kwa hiyo ndivyo mnavyogawana," alisema. "Mmoja anakata kucha, mwingine anakatwa jina."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ndeti alifumbua macho, akautazama mlango kwanza, kisha mwanawe, akauliza ni nani kati ya hao wawili atakayelala nje usiku huo.

Chumbani walikuwa watu wanne. Mzee mwenyewe, tumbo limevimba upande mmoja, ambaye kesho kutwa angepelekwa Nairobi kupasuliwa. Mke wake wa kwanza, Mutindi, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Ndululu, mzee wa kanisa, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne. Na Kilonzo, fundi wa mashine za kuvuta maji huko Kibwezi, aliyekuja nyumbani na basi la alfajiri.

Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili zilizopigwa taipu. Wosia wa Mzee Ndeti. Wakili Mulei wa Machakos alikuwa ameuandaa kama mzee alivyomwagiza, na Kilonzo ndiye aliyetumwa kuuchukua.

Hilo la kutumwa lilimchoma Nzioka kuliko kucha. Kwa nini Kilonzo? Nzioka ndiye mkubwa. Nzioka ndiye aliyekaa nyumbani akilima, wakati mwenzake akishika spana za watu. Tena, na hili alilisema kila mahali isipokuwa mbele ya baba yake, Kilonzo hakuwa mwana hasa.

Wasomaji wa Ukambani hawahitaji kuelezwa, lakini wa mbali wajue. Mutindi hakujaliwa mtoto. Basi akafanya kama walivyofanya wanawake wengi kabla yake: akatoa mbuzi na ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa mwanamke mwenzake aitwaye Nzilani, amzalie watoto wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Nzilani akamzaa Kilonzo, akafariki kabla mtoto hajaota meno yote, na Mutindi akamlea kama wake, kwa sababu alikuwa wake.

Nzioka, yeye, alikuwa mwana wa Muthoki, mke wa pili, marehemu sasa. Damu ya Ndeti bila maswali. Hivyo ndivyo alivyojua, na hicho ndicho kilichomfanya atembee kifua mbele.

Na kilichokuwa kikigombewa kilijulikana na kila mtu Kilungu: shamba la mtoni. Ekari sita za udongo mweusi, michungwa mia moja na ishirini, maji mwaka mzima. Mengine yote ya mzee yalikuwa mawe ya mlimani na mbuzi.

"Baba, umempa nani la mtoni?" Nzioka aliuliza.

Mzee alisema maneno yake yangesomwa siku ya kuzikwa kwake, na kama Nzioka ana haraka nayo, basi amwombee apasuliwe vibaya.

Ndululu akakohoa. Akaeleza kwamba kusoma kumekwisha, mzee ameridhika, imebaki kutia sahihi tu. Mashahidi wanahitajika wawili. Yeye ni mmoja, na wa pili, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya bonde, bado yuko njiani.

"Wa pili asisumbuke," Nzioka alisema. "Wa pili ni mimi."

Hapa, msomaji, mwelewe kabla hujamcheka. Katika ukoo wa Ndeti, babu alipogawa shamba, kila mwana alisimama mpakani na kupanda mche wa mpaka kwa mkono wake, watu wakiona. Aliyekuwa hayupo, au aliyefichwa asishike mche, mwaka uliofuata aliambiwa hana lake. Ami yake Nzioka alipoteza bonde zima kwa sababu siku hiyo alikuwa amelala na homa. Nzioka alikua akiisikia hadithi hiyo. Kwake yeye, kalamu ilikuwa ni ule mche. Anayetaka kukupokonya, kwanza hukuzuia usishike.

Ndululu alikuna kidevu. Alisema wakili ameagiza mashahidi wawe watu wa nje ya boma.

"Nani amesikia wakili akisema hivyo?"

Ndululu akamtazama Kilonzo.

Kicheko cha Nzioka kilikuwa kifupi. Kilonzo ndiye aliyetumwa, Kilonzo ndiye aliyepokea karatasi, sasa Kilonzo ndiye anayesema nani asitie mkono. Aliuliza kama wakili pia ameagiza Kilonzo ndiye avae viatu vya mzee.

Kilonzo alisimama, wembe bado mkononi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. "Kaka, nisikilize. Wakili alinieleza sababu. Mimi na wewe tukae mbali na hiyo karatasi, kwa sababu yeyote ambaye—"

"Usiniite kaka. Mtoto wa iweto hana kaka katika boma hili."

Ndululu alitazama chini. Hata kuku aliyekuwa akiparua mlangoni alitoka.

Bila shaka Kilonzo alitaka kuendelea. Midomo yake ilikuwa imeshaanza neno. Lakini Mutindi aliinua mkono, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akasema.

"Nyamaza, mwanangu. Umejaribu. Mwache aandike jina lake."

"Mwaitu, lakini wakili—"

"Nimesema nyamaza."

Kilonzo hakuwahi kumwasi huyo aliyemwita mwaitu, yaani mama. Aliweka wembe dirishani, akatoka nje.

Maumivu yalikuwa yamemrudia Mzee Ndeti. Uso ulikuwa umejikunja. Alisema kwa uchovu kwamba kama kijana anataka wino, apewe wino, na waachwe wapumzike. Akabonyeza dole gumba lake kwenye wino, akaliweka mwishoni mwa karatasi. Ndululu akatia sahihi yake ndogo, ya mtu anayehesabu sadaka. Kisha Nzioka akashika kalamu.

Alitia sahihi yenye mikia miwili na duara. Akaipulizia ikauke. Akaitazama kwa upendo.

Hakutosheka. Karatasi zilipofungwa ndani ya bahasha, alisema ataipeleka kwa wakili Machakos yeye mwenyewe, kesho asubuhi, kwa sababu Kilonzo amechoka kwa kutumwa. Mzee hakubisha. Mutindi alikuwa akimtazama Nzioka kwa macho ambayo angeyaelewa mapema, yangemwokoa. Nzioka aliyaona, akadhani ni wivu wa mwanamke aliyeshindwa.

*

Kesho yake, kabla ya saa mbili, Nzioka alikuwa ameketi katika hoteli ndogo pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa, chai mbele yake, bahasha mapajani. Mkewe, Kasyoka, alikuwa amemwambia asiifungue. Alimwambia mara mbili, na mara ya pili alimshika shati. Alisema mtu akishajua alichopewa, hawezi tena kushukuru, anaweza kudai tu.

Lakini wivu hauna subira. Sufuria ya chai ilikuwa ikichemka karibu, mvuke ukipanda. Nzioka aliiinamisha bahasha juu ya mvuke huo kama mtu anayekausha mikono, na gundi ikaachia.

Alisoma mstari wa kwanza mara tatu.

*Shamba langu lote la mtoni, pamoja na michungwa yake, nampa mwanangu Nzioka.*

Yeye. Lote. Si nusu, si zamu kwa zamu. Kilonzo alipewa sehemu ya mlimani yenye nyumba ya Mutindi, na mbuzi. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja mdogo ambao Nzioka aliusoma kwa tabasamu: chochote ambacho hakikutajwa, au kitakachokosa wa kukipokea, kiwe cha Kilonzo. Makombo, alijisemea. Mzee amemwachia makombo.

Aliagiza mandazi mawili zaidi, akaibandika bahasha upya kwa mate, akamwambia mwenye hoteli kwamba chai yake ni nzuri kuliko ya Nairobi. Ndani ya basi la Machakos alimpisha mama mmoja kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alianza hata kumwonea Kilonzo huruma. Alipanga kumpa michungwa miwili, ile ya pembeni, inayozaa machachu.

Wakili Mulei alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifungua bahasha, akapitisha kidole kwenye alama ya dole gumba la mzee, kwenye jina la Ndululu, kisha kidole kikasimama.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," Nzioka alisema. "Inasomeka vizuri, sivyo?"

Wakili alivua miwani. Aliuliza kama Kilonzo hakufikisha ujumbe, maana alimweleza kwa mdomo, na akaona ameelewa. Nzioka alijibu kwamba Kilonzo alianza kusema jambo fulani, lakini palikuwa na kelele.

"Kelele za nani?"

Nzioka aliinyoosha bahasha tupu kwa kiganja.

Basi wakili akamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Sheria inataka shahidi wa wosia awe mtu asiye na faida yoyote ndani yake. Wosia wenyewe haufi. Lakini aliyepewa kitu, halafu akawa mmoja wa mashahidi wawili, kile alichopewa kinaanguka. Ni kama hakikuandikwa.

"Kinaanguka kwenda wapi?" Nzioka aliuliza. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelisoma juu ya chai, akatabasamu.

*Kitakachokosa wa kukipokea, kiwe cha Kilonzo.*

Michungwa mia moja na ishirini. Alikuwa ameitoa yote kwa mkono wake, kwa sahihi yenye mikia miwili na duara, akaipulizia ikauke.

Wakili aliuona uso wake, akajua bahasha ilifunguliwa, akaamua kutouliza. Alisema jambo hili linatengenezeka, madamu mzee yuko hai na akili zake ziko timamu. Angepiga taipu nakala mpya sasa hivi. Mzee aweke kidole mbele ya watu wawili wasiopewa chochote, leo, kabla ya safari ya Nairobi. Kesho madaktari wakishamlaza juu ya meza yao, hakuna mwanadamu anayejua.

Nzioka hakukumbuka alivyopanda basi la kurudi. Alikumbuka tu kwamba mwendo wote alikuwa akimwona Kilonzo, midomo wazi, katikati ya neno. *Kwa sababu yeyote ambaye.* Na aliyemkata lile neno alikuwa nani?

*

Alifika nyumbani saa tisa, akihema, vumbi hadi kwenye nyusi. Ndululu alikuwa kwa mzee, na safari hii mwalimu mstaafu amefika pia. Mashahidi wawili safi, wameketi wanakula mihogo. Nzioka nusura awabusu.

Alieleza haraka haraka. Kwamba kuna kosa dogo la kisheria, kwamba karatasi mpya hii hapa, kwamba maneno ni yale yale, mzee aweke kidole tu ili shamba la mtoni lisiharibike.

Mzee Ndeti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Umejuaje kwamba nimekupa la mtoni?"

Mwalimu mstaafu aliacha kutafuna.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema alijua bahasha itafunguliwa, maana alimzaa, anamfahamu. Alisema kidole chake kipo na wino upo. Lakini jana, katika nyumba hii, mwana mmoja alimwita mwenziwe jina la kumtoa katika boma. Yeye hatakwenda kupasuliwa na jina hilo likiwa bado linaning'inia hewani.

"Nenda kwa Mutindi," alisema. "Kilonzo yuko huko. Lirudishe hilo neno mbele yao wote wawili, uwaite kwa majina yao: mama, na ndugu. Kisha rudi. Nitakuwekea kidole jua likiwa bado juu."

Mtu mwingine angekimbia. Maneno mawili kwa ekari sita. Nzioka alitembea kama anayepelekwa jela, karatasi mpya ndani ya koti, na katika hatua zote zile sabini hivi alikuwa akitafuta njia ya kuyasema bila kuyasema.

Mutindi alikuwa amekaa mlangoni akisuka kiondo, nyuzi za mkonge zimezunguka vidole vyake. Alikuwa peke yake. Kilonzo, alisema, ameenda kumfungulia mzee mbuzi wake, atarudi sasa hivi.

Nzioka alisimama. Kisha swali likamtoka badala ya toba.

"Ulijua," alisema. "Kilonzo alikuwa amekwisha kukuambia ile sheria. Ulimnyamazisha ukijua nitapoteza."

"Nilijua."

Hakukanusha hata kwa kupepesa jicho. Aliendelea kusuka. Nzioka alihisi joto likimpanda shingoni, na toba yote ikayeyuka. Alimwambia kwamba siku zote alijua yeye ni mwanamke wa kijicho. Kwamba alimwonea wivu mama yake, Muthoki, kwa sababu Muthoki alizaa na yeye akabaki mkavu. Kwamba miaka yote hiyo amekuwa akimtazama Nzioka kama mwizi.

"Wivu, ndiyo," Mutindi alisema. "Umesema kweli mara moja katika maisha yako. Keti."

"Siketi."

"Basi utaangukia hapo hapo ulipo." Aliweka kiondo chini. "Unajua mama yako alikuja bomani kwa mbuzi wa nani?"

Nzioka alisema kwa mbuzi wa baba yake, wa nani mwingine.

"Baba yako hakuwa na mbuzi hata mmoja mwaka ule. Tulikuwa bado tunaishi upande wa Kibwezi, na njaa ilikuwa imemaliza zizi lake. Mbuzi walikuwa wangu, niliopewa na mama yangu. Ng'ombe wawili, wangu. Niliwaswaga kwa mguu mpaka kwa babu yako mzaa mama, nikamwoa Muthoki. Mimi. Anizalie mtoto wa nyumba yangu."

Upepo ulipeperusha nyuzi za mkonge. Nzioka aliziangalia kana kwamba ni kitu cha maana sana.

"Akakuzaa wewe," Mutindi aliendelea. "Nilikushika kabla yake. Halafu baba yako akampenda, akamjengea nyumba yake, akahamisha boma lote kuja huku Kilungu ambako hakuna aliyetujua. Akaniomba niseme ni mke wake wa pili. Nikasema. Nikabaki bila mtoto mara ya pili, nikaanza upya kuchunga mbuzi, mpaka nikapata wa kumwoa Nzilani. Miaka thelathini na minane nimekuona ukipita mlangoni pangu bila kunisalimu, nawe ni wangu. Jana ukasimama mbele yangu ukalitema lile jina kama uchafu. Nikasema, haya, mwache aandike."

Nzioka alitaka kusema ni uongo. Aligeuka kuelekea nyumba ya baba yake, na pale kwenye mlango usio na komeo alimwona mzee amesimama, ameegemea fimbo, akiwatazama. Alikuwa mbali kiasi cha kutosikia. Lakini alipoona uso wa mwanawe, aliinamisha kichwa, na hakukiinua.

Hilo lilikuwa jibu.

Nyuma yake, hatua zilikuja, zikasimama. Kilonzo alikuwa amefika, kamba ya mbuzi mkononi. Alimtazama Nzioka, akamtazama mama, na uso wake ukasawijika. Haukuwa uso wa mtu aliyesikia habari mpya.

"Mwaitu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Tulikubaliana asiambiwe kamwe."

Basi alikuwa akijua. Jana, wembe mkononi, akiitwa mtoto wa iweto mbele ya mzee wa kanisa, alikuwa na neno la kumrudishia Nzioka, neno la kumvunja magoti, naye alilibeba hadi nje akalinyamazia. Katika mambo yote ambayo Nzioka aliwahi kumwonea Kilonzo wivu, hakuna lililomchoma kama hilo.

Kutoka upande wa pili wa boma, Ndululu aliita kwamba mashahidi wana safari, jua linashuka, na mzee amekwisha kuchovya kidole katika wino.

Nzioka alikuwa na maneno mawili ya kusema. Mama, na ndugu. Alifungua mdomo, na akagundua kwamba sasa kwa kuwa yalikuwa kweli, hakuweza kuyatamka.